Falsafa ya Ujumuiya: Je, Tumaini ni Mbinafsi Tu?

Mwalimu mwenzangu, yamkini umewahi kusahihisha insha ambamo mwanafunzi ameandika kuwa mhusika fulani ni mbinafsi kwa kuwa hataki umoja, ukampa alama na kuendelea. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi. Tatizo ni letu: tumezoea kuufundisha ujumuiya kana kwamba ni jina jingine la ujima.

Ujumuiya ni dai kuhusu utu. Alasdair MacIntyre (1981) na Michael Sandel (1982) waliupinga uliberali, hasa wa John Rawls, kwa kumchukulia mtu kama kiumbe anayejichagulia malengo akiwa amejitenga na historia yake. Kwao, mtu huzaliwa ndani ya lugha, ukoo na desturi zilizomtangulia, na humo ndimo anamojifunza lililo jema. Ifeanyi Menkiti wa Nigeria (1984) alikwenda mbali zaidi: utu hauji kwa kuzaliwa tu, bali mtu huufikia kwa kulelewa na jamii. Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu kuwa jamii humlea mtu lakini haimmezi. Angali ana akili ya kuihoji. Binafsi naegemea kwa Gyekye, maana riwaya nyingi tunazosoma zisingekuwepo bila mhusika anayehoji.

Chukua *Dunia Uwanja wa Fujo* ya Euphrase Kezilahabi (1975). Tumaini anatajirika kwa kilimo. Siasa ya Ujamaa inapolifikia shamba lake, anamuua kiongozi wa serikali, naye ananyongwa. Je, ni mbinafsi? Ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Lakini muulize mwanafunzi: jumuiya ni nani hapa? Ni majirani na vibarua, au ni afisa aliyetumwa? Kumbuka kwamba mwaka 1967 Nyerere alishikilia kuwa watu wajiunge na vijiji vya ujamaa kwa hiari. Kufikia 1973 kuhamia vijijini kulikuwa amri. Dola ilinena kwa niaba ya jamii ambayo haikuulizwa. Mwanafalsafa wa ujumuiya anaweza kuipinga amri hiyo bila kuacha imani yake, kwa sababu anayemtetea ni jamii yenyewe, wala si ofisi inayojiita jamii.

Kwa hiyo anayeandika "Tumaini ni mbinafsi" apate alama yake. Anayeendelea kuonyesha ni nani anayezungumza kwa jina la wengi, na kwa idhini ya nani, huyo mwongeze.