Ipe Bahari Chakula Chake

Manahodha wanaoniletea mashine zao hapa Malindi, Unguja, wengi wanaogopa kutu wanayoiona. Mimi naogopa ile isiyojionyesha. Wekundu juu ya nanga ni kelele tu. Nanga ni chuma kinene, itakaa miaka. Lakini chukua skrubu ya shaba ya njano iliyokaa chini ya maji. Ukiikwangua ikatoa rangi ya waridi, imekwisha: zinki iliyochanganywa ndani yake imeshaliwa, imebaki kama biskuti. Ikaze kidogo tu, kichwa kitakubakia kwenye bisibisi.

Ubaya unaanzia pale metali mbili zinapogusana ndani ya maji ya chumvi. Umeme mdogo hupita baina yake, na moja huliwa huku ikimkinga mwenzake. Wanamaji wa Uingereza walilijua hilo kwa hasara. Mwaka 1761 meli yao ya kivita, Alarm, ilivishwa mabamba ya shaba nyekundu ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Haikupita miaka mingi, misumari ya chuma iliyoyashikilia ikaonekana imelika. Iliyopona ni ile iliyotengwa na shaba kwa karatasi ya kufungia mabamba, ambayo haikuondolewa.

Mwaka 1824 Humphry Davy akaja na dawa: gusisha shaba na kipande cha zinki au chuma, bahari ile hicho kwanza. Shaba ikapona kweli. Ila shaba isiyolika haitoi sumu yake, basi mwani na kombe wakaota chini ya meli, mwendo ukapungua. Bahari haikosi la kudai.

Kipande cha zinki kilichofungwa karibu na propela yako kinafanya kazi hiyohiyo. Vijana wanakipaka rangi eti boti ipendeze! Zinki iliyofunikwa rangi haiwezi kuliwa, na bahari itaigeukia alumini ya mashine. Ikilika nusu, badilisha. Ikikaa mwaka mzima bado mpya, usishangilie. Haigusi vizuri, ifungue upige msasa pale inapokaa. Wenzetu wa Ziwa Viktoria na Tanganyika huko kwenye maji matamu wanafaa kutumia magnesi, lakini wasije nayo huku, maana maji ya chumvi huimaliza upesi mno.

Kila urudipo, washa mashine ndani ya pipa la maji matamu, yafike juu ya matundu ya kuvutia maji, ingurume kama dakika kumi. Osha na sitaha. Chumvi iliyokauka huvuta unyevu wa hewa usiku, hivyo boti iliyo ufukweni nayo inaliwa. Bawaba na kengele za shaba zing'arishe kwa ndimu na majivu, kisha suuza sana.

Stenlesi ndiyo inayodanganya watu. Hujilinda kwa utando mwembamba unaohitaji hewa; chini ya raba au ndani ya mbao yenye maji, hewa hakuna, bolti huchimbika kimyakimya. Usiisugue kwa brashi ya waya wa chuma pia, kwani chembe za chuma hubaki juu yake zikashika kutu. Ukiona mchirizi wa kahawia unatoka chini ya nati, usiufute ukaondoka. Ng'oa bolti nzima uitazame shingo yake.