Gari la mashindano si la kwendea likizo Pwani

Msomaji, ukifunga safari ya Mombasa wakati wa likizo ya Desemba, utapita Ndara labda bila kujua. Ni pale unapouacha mji wa Voi nyuma, kabla hujafika Maungu, barabara ikanyooka na nyika ikatanda pande zote mbili. Hapo ndipo vijana wengi hushikwa na tamaa ya kukanyaga mafuta. Siku hizi tamaa hiyo imepata chombo chake: gari lililotengenezwa kwa ajili ya mashindano, limeshushwa chini, limeng'olewa viti vya nyuma, na eksozi inanguruma kama simba wa Tsavo.

Je, gari la namna hiyo lina ruhusa ya kuwa barabarani? Na likiwa na ruhusa, ni salama?

Wengi hujitetea kwa Safari Rally. Husema kwamba tangu mwaka 1953 magari ya mbio yamekuwa yakipita katika barabara zetu, yakapanda hata milima ya Taita, na hakuna aliyeyazuia. Ni kweli. Akina Joginder Singh na Shekhar Mehta walipata ushindi katika barabara zilizokuwa wazi kwa matatu, malori na mifugo, na hali ilikuwa hiyo hadi mwaka 2002. Lakini hata wakati huo, timu kubwa zilikuwa na helikopta angani za kumwonya dereva kuhusu kilichokuwa mbele yake. Mashindano hayo yaliporejea katika Ubingwa wa Dunia mwaka 2021, kule Naivasha, sehemu za mbio zilifungwa kwa magari mengine. Ikiwa bingwa wa dunia hufungiwa barabara kwanza, kijana wa Nairobi anategemea nini?

Isitoshe, gari la rali na gari la uwanjani si kitu kimoja. La rali huwa na nambari za usajili, bima, taa na honi, kwa sababu baina ya sehemu moja ya mbio na nyingine hupita barabara ya kawaida, na huko dereva hutii sheria kama wewe na mimi. La uwanjani hupakiwa juu ya gari jingine na kushushwa penye mashindano.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Trafiki, Sura 403, katika kifungu cha 55, inataka gari na vifaa vyake viwe katika hali isiyohatarisha watu barabarani. Gari dogo la kibinafsi halipaswi kupita kilomita 110 kwa saa katika barabara kuu, na mijini ni 50. Ukibadilisha injini, rangi au bodi, ni lazima daftari la gari lifanyiwe marekebisho katika mamlaka ya usafiri, NTSA. Na anayesababisha kifo kwa kuendesha kwa njia ya hatari anaweza kufungwa hadi miaka 10.

Kuna pia bima, ambayo Sura 405 inaitaka kwa kila gari. Mikataba mingi ya bima haigharamii hasara inayotokana na mbio. Mzazi, ukiwa umelipia bima ya gari la kawaida, kisha mwanao akaligeuza bila kampuni kuarifiwa, huenda ukabaki na deni la maisha.

Tukija kwenye usalama, hapa ndipo wengi hudanganyika. Hudhani kwamba kifaa kinachomlinda dereva uwanjani kitamlinda popote. Sivyo. Tairi laini zisizo na mifereji hushika vizuri zikipata joto, lakini mvua ikinyesha hazina pa kuyatolea maji, na gari huteleza. Breki za mbio nazo hutaka joto. Zikiwa baridi hukawia kushika. Mabomba ya chuma yanayowekwa ndani ili paa lisibonyee humfaa aliyevaa kofia ngumu na mikanda ya mbio. Asiye na kofia, kichwa chake hugonga chuma hicho hicho. Springi ngumu hulirusha gari kwenye matuta na mashimo, tairi zikaachana na lami.

Halafu kuna Ndara yenyewe. Upande mmoja ni mbuga ya Tsavo Mashariki, upande wa pili ni ranchi, na ndovu hawasomi alama za barabarani. Huvuka usiku, na rangi yao hufanana na giza. Ongeza mbuzi, baiskeli, na trela iliyoharibika bila taa.

Piga hesabu, mwanafunzi. Kwa kilomita 110 kwa saa, gari huenda mita 30 hivi kila sekunde. Tangu uione hatari hadi gari lisimame kwenye lami kavu, utahitaji kama mita 115. Kwa kilomita 160, utahitaji zaidi ya mita 200. Taa za kawaida usiku hazimuliki hata nusu ya masafa hayo. Kwa hivyo anayekwenda kasi hiyo gizani atamwona ndovu akiwa amekwisha kumgonga.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Msemo huo ni wa kumfariji aliyefikwa, si wa kumtetea aliyeitafuta. Kijana anayependa mbio asikatazwe. Mchezo huu ni halali na una shirikisho lake nchini. Ajiunge na klabu, avae kofia, ashindane penye waamuzi na ambulensi. Gari lake alipeleke huko likiwa limebebwa.

Nawe mzazi, kabla ya kumpa mwanao ufunguo Desemba hii, fungua mlango wa nyuma. Kama viti na mikanda havipo, gari hilo si la kupeleka familia Pwani.