Kidumisha Mwendo Kinapogoma

Pikapu nyingi za Marekani za miaka ya 1980 na 1990 zina kidumisha mwendo, yaani chombo kinachoshikilia mwendo aliouchagua dereva bila yeye kukanyaga pedeli ya mafuta. Mbunifu wake, Ralph Teetor wa jimbo la Indiana, alikuwa mhandisi aliyepofuka utotoni. Alipata hataza mwaka 1950, na kampuni ya Chrysler ikaanza kukitia katika magari yake ya mwaka 1958.

Katika nyingi za pikapu hizo, chombo huendeshwa kwa ombwe. Injini inapovuta hewa, kanieneo hupungua katika bomba la kuingizia hewa. Mpira mwembamba huunganisha bomba hilo na kikopo chenye kiwambo. Hewa ya nje, yenye kanieneo kubwa zaidi, husukuma kiwambo. Nacho huvuta waya unaofungua kilango cha hewa cha injini. Gari likilegea mlimani, kiwambo huvutwa zaidi. Likizidi mwendo, huachiwa.

Je, chombo kikigoma, uchunguzi uanzie wapi? Msomaji akumbuke kanuni moja: kimesanifiwa ili kikipungukiwa na chochote, kiache kazi. Ombwe likivuja, umeme ukikatika au breki ikiguswa, springi hurudisha kilango. Kwa hiyo, chombo kinachogoma huenda ni kizima, ila kinatii amri ya kuacha.

Kwanza, tazama fyuzi na taa za breki. Swichi ya pedeli ya breki huwasha taa hizo na pia hukata kidumisha mwendo. Taa zisipozimika, chombo hupokea habari kwamba dereva amekanyaga breki daima. Zisipowaka, kagua balbu na swichi. Pikapu yenye klachi huwa na swichi nyingine hapo.

Pili, injini ikiwa imezimwa na kupoa, kagua mipira ya ombwe. Joto la miaka mingi huikausha na kuipasua. Chomoa mpira, ziba ncha moja, kisha vuta hewa kwa pampu ya mkono: mpira mzima hushikilia ombwe.

Tatu, hakikisha waya wa kilango haukukatika wala kukwama.

Nne, angalia kipima mwendo. Sindano ikirukaruka au ikilala, yaelekea chombo nacho hakipati habari za mwendo. Aidha, vyombo vingi havikubali kushika kazi chini ya kilometa 40 hivi kwa saa. Visihukumiwe gari likitambaa mjini.

Kamwe usiunganishe nyaya ili kuikwepa swichi ya breki. Chombo kitafanya kazi, lakini huenda kikaendelea kuisukuma injini wakati dereva anataka kusimama, na hapo maisha ya watu yamo hatarini.

Wanafunzi wachore mzunguko wa habari katika chombo hiki, kisha waulinganishe na ule wa pasi ya umeme inayojizima ikipata moto wa kutosha. Wataona kwamba kanuni ni ile ile.