Jeraha Lisiloonekana: Nafsi Baada ya Maafa

Wakazi wa Nkome, mkoani Geita, huishi kati ya riziki mbili zenye hatari: upande mmoja Ziwa Viktoria, upande wa pili mashimo ya dhahabu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Waliokufa walizidi 220, waliookolewa walikuwa 41. Huko Nyangalata, wilayani Kahama, mwaka 2015, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41.

Kila mara huhesabiwa wafu na majeruhi. Je, aliyenusurika bila mchubuko ni mzima?

Mtu akikabiliwa na kifo, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya mafigo zimwage adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, misuli hukazana, usingizi hutoweka. Hii ni kinga ya maumbile. Si wazimu wala woga wa kuonewa aibu. Kwa watu wengi hali hiyo hutulia yenyewe katika majuma machache. Kwa wengine hudumu: tukio hurudi ndotoni, mtu huepuka maji au shimo, hushtuka kwa kishindo kidogo. Ukipita mwezi mzima naye bado amevurugikiwa na maisha, yafaa apelekwe kwa daktari.

Msaada wa kwanza wa nafsi, ulioelezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011, una hatua tatu: kutazama ni nani mwenye haja, kumsikiliza anayetaka kusema, na kumuunganisha na jamaa zake, chakula na tiba. Lakini asilazimishwe mtu kusimulia yaliyompata. Uchunguzi umeonyesha kwamba kumhoji manusura katika kikao kimoja mara baada ya tukio hakumkingi na maradhi haya, na pengine humzidishia.

Matanga yetu yana sehemu ya elimu hii tangu zamani: watu hukaa na mfiwa na kumpikia, wala hawamhoji. Upungufu wake ni kwamba matanga huanuliwa kabla huzuni haijakwisha. Hapo ndipo kazi ya mwalimu huanza. Mwanafunzi aliyekuwa hodari na sasa anasinzia darasani, au asiyetaka tena kupanda mtumbwi, asiadhibiwe kwa uvivu kabla hajaulizwa kwa upole. Ratiba ya kila siku, michezo na rafiki wa kuketi naye humrudishia utulivu. Na vyote hivyo vimo shuleni tayari.