Jiji Lisilo na Polisi Wake: Usalama wa Mitaa Dar es Salaam (Sehemu ya Pili)

Sehemu iliyotangulia ilieleza jinsi serikali za mitaa zilivyofutwa nchini Tanzania mwaka 1972, zikarejeshwa mijini mwaka 1978 na kuwekewa msingi mpya wa kisheria mwaka 1982. Sehemu hii inashughulikia swali ambalo wakazi wa Dar es Salaam huwauliza viongozi wao kila wizi unapozidi au vichochoro vinapobaki gizani, nalo ni kwamba halmashauri ina uwezo gani hasa wa kuwalinda watu wake.

Ibara ya 146 ya Katiba inataja, miongoni mwa kazi za serikali za mitaa, kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi, na sheria ya mamlaka za miji ya mwaka 1982 inazitaka halmashauri kudumisha amani na utulivu katika maeneo yao. Wajibu huo, hata hivyo, haukuambatana na nyenzo zake. Polisi ni chombo cha Serikali Kuu chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na kamati ya ulinzi na usalama, yaani kikao kinachokutanisha vyombo vya dola vya eneo, huongozwa na mkuu wa mkoa au mkuu wa wilaya, ambao ni wateule wa Rais, wala si meya aliyechaguliwa na madiwani. Zimamoto, iliyokuwa idara ya halmashauri tangu zamani, ilihamishiwa wizara hiyo hiyo kwa sheria ya mwaka 2007 iliyounda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na miaka kumi baadaye barabara za mijini zikakabidhiwa kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa anayelalamikiwa na wakazi wake kuhusu barabara yenye giza hana budi kupeleka lalamiko hilo kwa ofisi ambayo hawakuichagua wao na isiyowajibika moja kwa moja kwa diwani wao.

Kugawanyika huku kunazidi kwa sababu ya umbo la mkoa wenyewe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, nao wamegawanywa katika halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam, ambalo kabla ya Februari 2021 lilikuwa Manispaa ya Ilala, na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa zote ilivunjwa mwaka huo wa 2021, na tangu hapo hakuna chombo kimoja cha madiwani kinachoutazama mji mzima, ilhali mhalifu hauoni mpaka wa Ilala na Temeke wala maji ya mvua hayaujui mpaka wa Ubungo na Kinondoni.

Ngazi inayomfikia mkazi kwa kweli ni mtaa, ambao ni kitongoji cha mjini chenye mwenyekiti na wajumbe wa kuchaguliwa pamoja na mtendaji aliyeajiriwa na halmashauri. Mwenyekiti huyu, ambaye hulipwa posho na si mshahara, ndiye anayeandika barua ya utambulisho, anayesuluhisha ugomvi wa majirani kabla haujafika kwenye baraza la kata, na ndiye anayegongewa mlango usiku. Chini yake upo ulinzi shirikishi, yaani utaratibu ambao wakazi huchangia fedha au zamu ili vijana waliochaguliwa na mtaa wapige doria wakishirikiana na polisi. Asili yake ni sungusungu wa Wasukuma na Wanyamwezi, waliojikusanya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na ambao marekebisho ya sheria ya mwaka 1989 yaliwatambua kuwa sehemu ya mgambo wenye mamlaka ya kukamata. Jeshi la Polisi lilipoanza kuhimiza polisi jamii mwaka 2006, chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, lilikuta msingi huo tayari umejengwa.

Udhaifu wa utaratibu huu ni mkubwa, na haifai kuufunika kwa sifa. Pale michango inapokauka, doria hufa. Pale walinzi wasipofunzwa sheria, mtuhumiwa hupigwa badala ya kufikishwa kituoni. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeripoti mwaka baada ya mwaka mauaji yanayofanywa na umati wenye hasira, na kila mauaji ya namna hiyo ni ushahidi kwamba mtaa ulipewa kazi ya dola bila kupewa mafunzo, usimamizi wala fedha. Makundi ya vijana yaliyojulikana kama Panya Road yalipotia hofu mwanzoni mwa mwaka 2015 na tena mwaka 2022, jibu lililosikika zaidi lilikuwa msako wa polisi. Msako ulihitajika, lakini haukuweza kuwa mbadala wa mtaa unaowafahamu vijana wake kwa majina.

Mfano wenye mafunzo zaidi unatoka Manzese. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dar es Salaam ilijiunga na mpango wa miji salama wa UN-Habitat, ulioanzishwa mwaka 1996 kwa ombi la mameya wa Afrika, na katika mpango huo ulifanyika huko Manzese ukaguzi wa usalama kwa macho ya wanawake. Katika ukaguzi wa aina hii, wanawake wa mtaa huzipita njia wanazozitumia kila siku wakiwa pamoja na viongozi na maofisa, na kila panapotisha huandikwa: kichochoro kisicho na mlango wa pili, nyumba iliyoachwa bila kumalizwa, kilabu cha pombe kinachofungwa usiku wa manane, njia isiyo na jina ambayo hata polisi wakiitwa hawataipata. Thamani yake ni kwamba hofu isiyo na umbo hugeuka kuwa orodha ya kazi, na sehemu kubwa ya kazi hizo, kama vile kupanga njia, kutoa leseni za vilabu na kudhibiti saa zake, na kuipa mitaa majina, zimo ndani ya uwezo wa halmashauri bila ya kuhitaji bunduki hata moja. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, iliyoweka namba za nyumba na majina ya barabara nchi nzima, ilikamilisha kwa kiwango kikubwa jambo ambalo wanawake wa maeneo kama Manzese walikuwa wamelihitaji muda mrefu.

Chombo kingine ni sheria ndogo, yaani kanuni zinazotungwa na baraza la madiwani na kuanza kutumika baada ya kuidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Wasimamizi wake ni mgambo wa halmashauri, na hapa lazima isemwe wazi kwamba nguvu yao imeelekezwa mahali pasipostahili. Mkazi wa kawaida anamjua mgambo kama mtu anayenyang'anya beseni la mama lishe au meza ya mmachinga, na ni nadra kumwona akikagua mtaro ulioachwa wazi mbele ya shule. Maadamu sheria ndogo zinatumika zaidi kukusanya faini kuliko kuondoa hatari, wananchi hawatapeleka taarifa kwa mtu wanayemkimbia.

Ipo hata hivyo nyenzo moja ambayo Serikali Kuu haijaichukua, nayo ina uzito kuliko zote: kibali cha ujenzi na ukaguzi unaopaswa kukifuata. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Hakuna doria ya usiku iliyoweza kuzuia vifo hivyo. Kilichoweza kuvizuia ni mhandisi wa halmashauri aliyefika kwenye eneo la ujenzi mara kwa mara, mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi na mwenye ulinzi wa mkubwa wake pale tajiri anapopiga simu. Halmashauri inayokusanya ada ya kibali imekubali pia jukumu la kujua kinachojengwa baada ya kibali kutolewa, na uchache wa wakaguzi, ingawa ni kweli, hauwezi kukubaliwa kuwa kisingizio katika eneo lenye mapato ya Kariakoo.

Fedha zenyewe si ngeni kwa madiwani. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 baada ya kasoro za usimamizi kubainika, kisha ikarejeshwa mwaka uliofuata, na mahali inapotolewa kwa haki humfikia kijana yule yule ambaye mtaa unamhofia. Halmashauri isiyo na polisi ina hapa njia ya kumshika mkono kabla hajashikwa na askari, mradi orodha ya wanufaika isomwe hadharani katika mkutano wa mtaa, ambako majirani wanajua kikundi kipi kipo na kipi ni cha karatasi tu.

Sehemu ya tatu itahusu Bonde la Msimbazi, ambako mafuriko ya Desemba 2011 yaliliweka mbele ya mamlaka swali gumu zaidi kuliko la wizi: nani ana haki ya kumhamisha mkazi kutoka mahali pa hatari, na nani anawajibika kumtafutia pa kwenda.