Fahamu: Oksijeni inavyosafiri ndani ya kauri

Vunja tofali la kuchoma kutoka tanuri la kienyeji, Tabora au kwingineko. Mara nyingi nje ni jekundu, katikati jeusi. Wekundu ni chuma kilichopata oksijeni. Weusi ni pale ambapo hewa haikufika vya kutosha. Jambo hilohilo, kufika kwa oksijeni, huamua uhai wa supakondakta za kauri.

Supakondakta ni nini?

Ni kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikipozwa sana. Mwaka 1986, wanafizikia Bednorz na Müller waliigundua tabia hiyo Uswisi katika kauri yenye shaba na oksijeni. Mwaka 1987 ikaja kauri ya itriamu, bariamu na shaba, inayofanya kazi kwenye nyuzi -180 hivi. Naitrojeni kimiminika inatosha kuipoza.

Oksijeni inaingiaje?

Kauri hiyo huokwa kwenye nyuzi zaidi ya 900, na joto hilo huifukuza oksijeni. Kisha hupozwa polepole ndani ya oksijeni. Kwenye nyuzi 400 hadi 500, atomu za oksijeni hurukia nafasi zilizo wazi ndani ya fuwele, moja baada ya nyingine. Hupita upesi zikifuata matabaka, lakini kuyavuka ni kazi ngumu mno. Subira hapa ni ufundi wenyewe: zikikaribia atomu 7 kwa kila kizio cha fuwele, umeme unapita huru, zikibaki 6, haupiti.

Na Unyamwezi, eneo la Tabora?

Wahunzi wa kaskazini-magharibi mwake walifanya kinyume: kwa makaa waliitoa oksijeni kwenye mawe ya chuma. Majembe yao yaliuzwa Tabora, penye njia ya misafara.