KISANDUKU KIMOJA CHATOSHA

Makambako ni njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika hapo: moja huendelea Mbeya hadi mpaka wa Zambia, na ya pili hugeukia kusini kwenda Njombe na Songea. Kwa msafiri mgeni, kibao cha njia kina manufaa iwapo kimesimama kabla ya njia panda, si baada yake. Na vibao viwili vyenye maneno yale yale humtia shaka badala ya kumwongoza.

Siku hizi wengi wetu visiwani huifikia Njombe kwanza kwa tovuti, si kwa basi. Mkoa huo, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, una halmashauri sita, na kila moja ina tovuti yake. Mfanyabiashara wa Darajani au Chake Chake atakaye kujua ushuru wa mazao au tangazo la zabuni hawezi kubisha hodi ofisini. Bahari na safari ndefu ya nchi kavu zimemtenga. Mlango wake ni kisanduku cha kutafutia.

Kwa hiyo mahali pa kisanduku hicho si jambo la mapambo. Macho ya msomaji huanza juu ya ukurasa, na hapo ndipo kistahilipo kuwekwa, pale pale katika kila ukurasa, kikiwa na neno "Tafuta" lisomekalo wazi. Kikifichwa chini, mwenye simu ndogo huweza kukata tamaa kabla ya kukifikia.

Jambo la pili ni wingi. Visanduku viwili, kimoja juu na kingine pembeni, humfanya mtu ajiulize kama vina tofauti. Vikiwa vyafanya kazi moja, kimoja ni mzigo. Ikiwa kimoja chatafuta nyaraka tu na kingine tovuti nzima, basi yaandikwe hayo. Vivyo hivyo, Makambako ina halmashauri yake ya mji ndani ya Wilaya ya Njombe; mgeni asiyeijua mipaka hiyo aelezwe bayana kwamba atafuta katika halmashauri ipi.

Wapo wasemao kwamba kisanduku cha pili humfaa aliyefika mwisho wa ukurasa mrefu. Sisi twaona dawa ni kuufupisha ukurasa. Juhudi ya kuongeza kisanduku na ielekezwe katika kukifunza kile cha kwanza kwamba mbatata ya Unguja ndiyo kiazi mviringo cha Njombe.

Tangu mwaka 2016 nchi yetu ina sheria ya haki ya kupata taarifa. Haki hiyo haitimii kwa taarifa kuwekwa tu; hutimia inapopatikana. Twawaomba wakuu wa halmashauri na Mamlaka ya Serikali Mtandao wazikague kurasa zao kwa macho ya mgeni aliye mbali. Kuongoza watu vyema kwaanza kwa kuwaonyesha njia.